Sahani ya Baba

Jumatatu, 3 Februari
Maji yamepotea tena hapa Migosi. Nimeoga kwa jagi moja. Vipindi vinne, kisha insha za Kidato cha Pili hadi macho yakauma.

Jioni Mama akapiga simu kutoka kijijini Pap Onditi. Kaka yangu Ochieng alifika mchana, akaishusha sahani ya Baba ukutani, akaifunga kwa taulo, akaondoka nayo kwenda kwake Milimani. Hakuomba. Alisema kitu cha thamani hakikai kwenye nyumba ya mabati.

Mama anakaa kwenye nyumba hiyo ya mabati. Hilo halimsumbui Ochieng.

Jumanne, 4 Februari
Hasira haijaisha.

Sahani ile ndiyo kitu pekee cha Baba tulicho nacho. Ya kutundika, si ya kulia. Nyeupe, na ndege wawili wa samawati wenye shingo ndefu. Baba alifanya kazi Mombasa, akafia huko nikiwa na miaka miwili. Mama aliitoa sandukuni nilipokuwa darasa la tatu. Alisema Baba aliileta likizo yake ya mwisho, ameipakata kwenye treni safari nzima, na yeye Mama akaificha tusije tukaivunja.

Uso wa Baba siukumbuki. Nakumbuka hao ndege. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake.

Nimempigia Ochieng. Anasema yeye ndiye mkubwa. Alhamisi anakuja mtaalamu wa vyombo vya kale kutoka Nairobi, aseme ilitengenezwa wapi na ina umri gani. Ochieng ameshaamua ni ya China, ya miaka mia. Anataka iwekwe kwenye kabati la kioo, wageni waione. Nimemwambia nitakuwepo.

Alhamisi, 6 Februari
Mtaalamu ni mtu mpole. Aliigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akawamulika ndege kwa tochi na kutuonyesha vinukta vidogo vidogo kwenye mabawa. Picha ya kubandikwa kiwandani, akasema. Hakuna brashi iliyopita hapo.

Akaigeuza. Nyuma kuna kitambaa cha kijani kilichogandishwa kwa gundi. Kimekuwepo siku zote. Akaomba ruhusa akibandue kwa maji ya uvuguvugu. Ochieng alikubali kabla sijafungua mdomo.

Chini yake kulikuwa na muhuri wa kiwanda. Japani. Na maneno kwamba sahani inaweza kuingizwa kwenye maikrowevu.

Alisema bila kuzunguka: haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya themanini.

Ochieng alicheka. Kisha akaacha. Baba tulimzika mwaka wa sabini na nane.

Ijumaa, 7 Februari
Ochieng ametuma ujumbe. Nikaichukue sahani, hataki kuiona. Anasema ni ya mwanamume fulani wa Mama. Anayaandika haya kuhusu mama yake mzazi, saa za kazi.

Ninamchukia leo. Nami nimewaza hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeichukua sahani kwa Ochieng, nikaenda nayo Pap Onditi. Mama alikuwa anachambua maharagwe uani. Nikamwekea sahani mapajani, imegeuzwa. Akapapasa pale palipokuwa na kitambaa.

Kisha akasema yote, bila kunitazama. Baba alikuwa na mke mwingine Mombasa. Alipokufa, vitu vyake vyote vilibaki huko. Kwetu ulikuja mwili tu. Miaka ikapita, Mama akawa anafulia nguo familia moja ya Kihindi mjini. Walipohama, mama wa nyumba alimwambia achague kitu kimoja. Akachagua sahani. Kitambaa alikigandisha mwenyewe, kwa sababu hakujua maneno yale yanasema nini, na sisi tulikuwa tunajifunza kusoma.

"Mlikuwa mnaniuliza kila siku baba yenu aliwaachia nini," akasema. "Ningewajibu nini?"

Nilimwachia sahani mapajani. Nilipanda gari nikarudi.

Nina hasira na Baba. Nina hasira na Mama pia, kwa kunifanya nimpende Baba.

Jumatano, 12 Februari
Nimemweleza Ochieng kwa simu. Aliuliza kama huko Mombasa kuna watoto. Sijui. Akasema ana mkutano. Hakusema pole kwa maneno aliyoandika. Hatasema.

Wanafunzi wamenikuta nimekaa darasani peke yangu wakati wa chai.

Jumapili, 16 Februari
Baada ya kanisa nimerudi kwa Mama. Tumemenya viazi. Nikamwomba aniambie Baba alikuwa mtu wa namna gani. Hasa.

Baba alikuwa akikoroma. Hakupenda samaki mwenye miiba midogo. Akisimulia jambo, alicheka mwenyewe kabla ya kulimaliza. Alikuwa akiondoka alfajiri bila kumwamsha mtu, na Mama alikuwa akijifanya amelala.

Mama alipofiwa alikuwa na miaka ishirini na sita. Sikuwahi kumuuliza.

Tukaweka sufuria motoni.