Gesi ya Ng'ombe Wawili

Shangazi mpendwa, nisaidie, hii siri imenichosha. Mimi ni fundi, na mwaka jana nilipewa kazi ya kuchora na kusimamia makao ya watu ambao ziwa lilimeza nyumba zao kule Nyatike, nikajenga kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, nikavuna maji ya paa, nikaweka taa za sola, na hayo yote waliyapenda, lakini jikoni ndiko nilikokosea, kwa sababu nilipowaambia gesi ya kupikia itatoka chooni, Mama Filister, mkubwa wa jikoni, alisema heri walale njaa, nami nikaona watarudia makaa na watoto tayari wanakohoa, basi nikawaambia sawa, itakuwa ya mavi ya ng'ombe tu, na ng'ombe ni wawili, Shangazi, hawawezi kupikia watu arobaini, kwa hivyo bomba la choo nililiunganisha na mtambo wa gesi wakiwa kanisani. Sasa watoto wamepona kifua, akina mama wananiombea, na kila nikienda Mama Filister ananiwekea ugali na omena, nasema nimeshiba. Juzi ng'ombe mmoja alikufa na gesi haijapungua, na huyo mama ameanza kuniangalia. Niseme ama ninyamaze?

Maroa, Migori (majina nimebadilisha)

Shangazi anajibu:

Pole, Maroa. Kazi yako si mbaya, na gesi hiyo haina ubaya wowote kwa chakula. Ulikosa tu subira ya kueleza. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikakwama pale pa "nimeshiba". Unashiba wapi kila siku, baba? Kumbe hata wewe unaona kinyaa, halafu unataka mama wa watu ale bila kujua.

Hao ziwa limewachukulia nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Walibakiwa na kuamua sufuria ipikwe kwa moto gani, na hilo nalo ukawaamulia wakiwa kanisani. Inaniuma, nakwambia wazi.

Njia ya mwongo ni fupi. Nenda wiki hii, kabla ng'ombe wa pili hajakusemea. Weka koki ya kurudisha choo kwenye shimo lake, uifunge kwa kufuli, umpe Mama Filister ufunguo mbele ya wote. Sema kila kitu, hata ile Jumapili. Atakufokea, nawe nyamaza. Usimbebe mchungaji wala chifu akutetee. Wakichagua makaa, utawajengea dohani ya kutoa moshi kwa jasho lako.

Ila kabla hawajaamua, nawa mikono, kaa chini, ule ugali wa jiko hilo uumalize. Sahani yako iko hapo tangu mwaka jana.