Karatasi Tuliyoingoja Ikauke

Bi Swafiya,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu nilikuuliza sana ungali hai, nawe ukanijibu kila mara kwamba ni kifua tu, kitapoa. Kwa hivyo salamu tuziruke, tuingie kwenye ugomvi wetu, ule tuliouacha katikati.

Nimekasirika nawe. Nimekasirika tangu Jumamosi ile uliyotutoka, na kila ninayemwambia hunijibu kwamba marehemu hawekewi kinyongo. Wanaosema hivyo hawakuwahi kuwa wanafunzi wako.

Bintiyo Zuhura anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ufunguo wa chumba cha chini, kile ulichotufundishia kuchora, ninao mimi. Ama niendelee na darasa la Jumamosi, ama niurudishe, na chumba apewe jirani anayetaka kukifanya duka la mabuibui. Alinieleza kwa adabu yenu hiyo ya Kibokoni, akanizungusha na salamu, na habari za nyumbani, na habari za kazi, mpaka nikasahau kwamba kuna jambo ninaulizwa. Lakini ni haki yake, chumba hakiwezi kukaa kimefungwa. Sasa nimekaa hapa kwangu Buxton nakuandikia wewe badala ya kumjibu yeye, maana sijui nimjibu nini, na wewe ndiye uliyeniacha kwenye mataa.

Nilikuja kwako mtu mzima, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Mtaita ambaye hajawahi kushika brashi ila ile ya kupaka chokaa nyumba ya mama. Nilisema nataka kujua kuchora, basi, nikitoka kazini niwe na kitu changu. Ukanipa kijisanduku cha rangi za maji. Nikakuuliza kama hakuna rangi nyingine iliyo nyepesi kwa anayeanza. Nakumbuka ulivyoniangalia juu ya miwani. "Hii ndiyo ya anayeanza, mwanangu. Rangi ya maji yataka mtu asojua kitu. Anayejua hukimbilia kurekebisha."

Uongo mtupu. Sikukwambia hivyo wakati ule kwa sababu ya heshima, lakini leo nakwambia. Hakuna rangi isiyomhurumia mwanafunzi kama hiyo. Ukikosea huwezi kufunika. Ukiongeza rangi ya pili, ya kwanza inachafuka. Nyeupe haimo kwenye kisanduku, eti nyeupe ni karatasi yenyewe, kwa hivyo mtu ambaye hajui hata achore nini anatakiwa ajue mapema ni wapi asiguse. Na haya yote Mombasa, ambako shati likianikwa msimu wa mvua linashinda kambani na jioni bado lina unyevu. Ukatuwekea na sheria ya feni. Feni izimwe, kwa sababu upepo wake unaisukuma rangi mbichi ikakimbilia pembeni. Tukakaa humo ndani tukitokwa na jasho, watu wazima na akili zetu, mikono magotini, tunaitazama karatasi. Na sheria nyingine, kubwa kuliko zote: rangi ikiwa mbichi hakuna kuinuka, hakuna kuitwa, hakuna simu. "Iate ikauke," ulikuwa ukisema kwa Kimvita chenu, yaani iache. Mgeni akibisha mlangoni angoje mpaka karatasi zikauke.

Watu walikukimbia, Bi Swafiya. Yule mama wa mtaa wa Kuze aliyechora birika lake la kahawa, likamvujia karatasi nzima, akalia kama aliyefiwa, hakurudi tena. Wangapi walifanya hivyo? Wiki moja kabla hujafa nilikwambia waziwazi. Tulikuwa juu chumbani kwako, nimekuletea uji. Nikasema wape rangi nzito za chupa kwanza, waweze kukosea na kufunika na kukosea tena, moyo ukishatulia ndipo uwape hizi za maji. Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Wewe wataka watu wajifunze kuficha," ukasema, ukanirudishia kikombe. Nilishuka ngazi nikijua Jumamosi tutaendelea.

Jumamosi ikaja. Wewe ulikuwa umeshaanza kuniachia darasa, mimi chini na wanafunzi, wewe juu kitandani. Nilikuwa nikiwaonyesha anga. Unaijua ilivyo kazi yake, unalowesha karatasi yote, unashusha buluu kutoka juu, halafu unaondoa mkono na kungoja. Tukazima feni. Nyumba ikawa kimya, na mimi nikasikia nyayo juu ya dari, watu wakienda na kurudi, na kiti kikiburutwa. Unajua nilisema nini? Nilimgeukia Bwana Kilonzo, yule mzee wetu mstaafu wa reli, nikamwambia Bi Swafiya leo ameamka vizuri, sikia anavyopangapanga chumba. Akatabasamu. Tukaendelea kuingoja anga yangu ikauke.

Ulikuwa unakata roho, Bi Swafiya. Boriti tu ndizo zilizotutenga. Zuhura alikuwa juu na shangazi yake wanakusomea, na alitaka kuteremka aniite, ameniambia mwenyewe, na wewe kwa pumzi iliyokubakia ukamshika mkono ukamwambia asishuke, rangi za watu ni mbichi. Akatii. Alinijia karatasi zilipokauka, nami nilikuwa ninazikusanya. Alisimama mlangoni na leso kichwani, na mimi nikamuuliza kama umemtuma kuchukua brashi zako.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Si kwamba umekufa, watu hufa. Ni kwamba uliniweka chini nikiitazama karatasi kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikinihitaji. Alasiri wanaume wakakuchukua. Mimi nikabaki ndani na wanawake, nimejitanda leso ya Zuhura, sizijui dua zao, nikitazama vidole vyangu vyenye buluu. Shangazi mmoja alinipa kahawa akaniuliza mimi ni nani kwako. Nikainamia kikombe.

Sasa sikia nilichofanya baada ya hapo. Nililipiza. Jumamosi ya kwanza baada ya hitima nilifungua chumba, nikakikusanya kisanduku chako na visahani vyako nikavitia kabatini, nikaweka mezani rangi nzito za chupa, nyeupe ikiwemo, chupa kubwa kabisa ya nyeupe. Nikawasha feni mpaka mwisho. Nikawaambia haya, koseeni mtakavyo, kila kitu kinafunikika. Wakafurahi. Walicheka, walizungumza, simu zikalia. Nilitamani uwe juu usikie.

Bwana Kilonzo akaanza ukuta. Unakumbuka alichokuja kutafuta kwako? Anataka kuchora ukuta wa nyumba ya reli aliyoishi na marehemu mkewe, na mlango wake, na stuli aliyokuwa akikalia mama huyo jioni akichambua mboga. Picha hawakupiga, na nyumba imeshabomolewa. Kwa rangi nzito akaupata ukuta siku ile ile, akashangilia. Jumamosi ya pili akaona umekuwa wa manjano sana, akaufunika. Ya tatu akaufunika tena, na mlango, na stuli ikafunikwa ikachorwa upya ikafunikwa. Karatasi ikawa nene kama kadibodi. Kila wiki nilimwambia endelea, unaweza kurekebisha, na kila wiki ule ukuta uliondoka mbali zaidi na ule anaoukumbuka. Mwisho aliweka brashi chini akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hii rangi haina mwisho. Ile ya maji ilikuwa inaniambia basi, mzee, hapo basi. Hii ingine haisemi kitu."

Hasira zilinipanda upya. Sikutaka uwe na haki, ilhali umekufa na huwezi hata kunicheka.

Nikamtolea kisanduku. Maji nilikuwa nimebeba kutoka kwangu, dumu la maji matamu, kwa kuwa ndoo yako iliyokuwa chini ya ngazi ilikuwa tupu. Akapaka ukuta. Ukatoka laini, mtelezo, kama picha ya kwenye mkebe wa biskuti. Si ukuta wa mawe, si wa mtu yeyote. Mimi hali hiyo naijua, kwa sababu ndivyo zinavyotoka picha zangu zote ninazofanyia nyumbani. Kwako kuta zangu zilikuwa na vile vitone na mikwaruzo ya mawe ya kale, nikirudi Buxton hazina. Miaka yote hiyo nikaamini kwamba sina kipaji, kwamba ninachora vizuri kwa kuwa umesimama nyuma yangu tu. Nilikuwa karibu kuacha zaidi ya mara moja.

Zuhura akapita mlangoni, akaliona dumu, akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Mama hakutumia maji haya. Alitumia ya kisimani." Akateremsha ndoo kisimani hapo uani akatuwekea. Yale maji yenu ya chumvichumvi msiyoyanywa, ya kuoshea sakafu. Bwana Kilonzo akaanza upya, akangoja, na rangi ilipokuwa inakauka chumvi ikaivutavuta, ikaacha vitone na mikwaruzo, na ukuta ukaja. Ukaja wenyewe. Mzee alikaa mbele yake akitikisa kichwa, akasema hapo ndipo, hapo ndipo alipokuwa anaegemeza kichwa.

Na mimi nikatoka nikaenda kusimama uani, maana ningesema neno baya mbele ya watu. Maji, Bi Swafiya? Ulishindwa kuniambia kwamba ni maji? Uliniacha nijidharau miaka yote kwa ajili ya ndoo iliyokuwa chini ya ngazi? Zuhura alinifuata nikamwuliza hivyo hivyo, bila adabu. Akaniangalia, akasema hata wewe mama yake hukuwa ukijua. Hukuwahi kuchorea mahali pengine maishani mwako. Kwako wewe hayo ndiyo maji, na hivyo ndivyo rangi inavyokauka duniani kote. Ulidhani na mimi kwangu ni vivyo hivyo.

Nilitaka kubaki na hasira ile, ilikuwa nzuri, imenikaa vizuri. Ikanipotea hapo uani. Siwezi kukulaumu kwa kutoniambia usilolijua. Lakini ile nyingine, ya nyayo juu ya dari, hiyo ninayo bado.

Basi nimeshapata jibu nikikuandikia. Ufunguo siurudishi. Jirani atafute pengine pa kuuzia mabuibui yake, na Zuhura nitamwambia kesho nikitoka kazini, nami pia nitamzungusha na salamu.

Na ugomvi wetu nauamua hivi, kwa kuwa wewe huwezi tena kunikatiza. Rangi za maji hazimfai anayeanza. Kwake peke yake hazimfai kabisa, zitamvunja moyo, na nyumbani kwake maji yenyewe huenda si hayo. Zinamfaa akiwa na mtu aliyekaa kando, amezima feni, anatokwa na jasho pamoja naye, anamwambia usiiguse. Wewe ulidhani ni rangi inayofundisha. Ilikuwa ni wewe. Kwa nini sikuliona hilo nikakwambia ungali unasikia? Yule shangazi aliyeniuliza mimi ni nani kwako, leo ningemjibu kwamba mimi ndiye aliyekalishwa kando ya wanafunzi wako.

Kwa hivyo Jumamosi nitafungua. Mama wa Kuze nitampitia mwenyewe nimwombe arudi na birika lake, na nitamwambia ukweli tangu mlangoni kwamba ni kazi ngumu na mimi nitakuwa kando yake. Ndoo itajazwa kisimani. Ile anga yangu ya siku ile ninayo ndani ya mkoba, haina doa, ndiyo anga nzuri kuliko zote nilizowahi kushusha. Sijachora chochote chini yake. Sijui kama nitaweza.

Mungu akurehemu, Bi Swafiya, kwa dua zenu na kwa zetu. Nitakuwa nikikukasirikia bado kwa muda, univumilie kama ulivyonivumilia na buluu kabla sijajua kuishusha.

Sheria zako nazichukua zote isipokuwa ile kubwa. Hiyo nimeifuta. Zuhura ana ruhusa ya kuteremka wakati wowote, na nakuahidi, akiniita nitaiacha karatasi mezani na rangi yake mbichi, iende inakotaka, nami nitapanda ngazi.

Mwanafunzi wako,
Mkamburi