Mkwe Haingii Jikoni

Jumatatu, 3 Februari 1986

Nimetwanga pilipili kichaa tangu nimetoka misa ya asubuhi. Mikono inawaka mpaka viwikoni. Nimejipaka samli, inasaidia kidogo. Maji hayasaidii, maji yanaamsha moto.

Siki dukani hakuna. Wanasema siku hizi biashara imefunguliwa, kila kitu kitakuja. Vimekuja viatu vya plastiki na redio. Siki bado. Mama Zuhura, jirani yangu hapa Nyasho, mtu wa Ujiji, kaniambia nitie embe bichi, uchachu wake unatosha na pilipili haitaoza upesi. Nimejaribu. Kweli. Na mimi nimemwambia akaange kwanza kitunguu saumu ndipo atie nyanya. Alikuwa hajui.

Mafuta ya pamba nimeyapata kwa fimbo. Foleni ilivunjika, mgambo wakaanza kuchapa ovyo. Mama mmoja mjamzito kaanguka, watu wakampita juu. Na mimi nilimkanyaga. Nilihisi mkono wake chini ya kandambili. Sikuachia kanga ya mwenzangu wa mbele. Mungu wangu, mafuta niliyapata, lakini leo chakula hakikupita.

Alhamisi, 6 Februari

Nyangeta amekuja kutoka Bunda. Mwanangu wa pekee. Kasimama uani, hapigi hodi, hasemi. Nilidhani mwombaji.

Mkono wa kushoto umevunjika. Meno ya mbele hayapo. Mgongoni michirizi ya mkanda wa feni, ule wa mpira wa injini ya lori. Mume wake Magoti, kijana wa Butiama, ni utingo, mikanda hiyo anayo. Kosa la mke: aligawa kikombe cha sukari kwa jirani mwenye mgonjwa. Mwaka jana alimpiga teke mimba ikatoka, nikaambiwa aliteleza kisimani. Leo kasema mwenyewe. Hakuteleza.

Hospitali plasta hakuna. Wamemfunga kwa mbao na kitambaa.

Nimemlaza jikoni kwangu, kile kibanda cha uani, maana kuna joto. Namchukia yule kijana. Naandika hivyo hivyo. Namchukia.

Jumapili, 9 Februari

Nimepokea komunyo, rohoni namwona Magoti amekufa. Sijui kama inahesabika.

Baada ya misa Wambura kaja kutoka Butiama. Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Ng'ombe za mahari ya Nyangeta alichukua yeye, akamwolea mtoto wake mke. Kwa hiyo hataki kusikia habari ya kuachana, maana atadaiwa kuzirudisha. Hakumwangalia Nyangeta mkono. Alikula ugali na sato, akasifu pilipili, akauliza nimetia nini. Nikamwambia embe. Akasema, "Shemeji, mke hupigwaga. Wewe hukupigwa?"

Nilipigwa. Nilitamani sahani nimvunjie usoni.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kasema ugomvi wa mke na mume hauna balozi.

Jumatano ya Majivu, 12 Februari

Nimerudi na majivu kwenye paji, nikamkuta Magoti uani. Lori lao limekwama hapa Musoma, tairi hakuna, kwa hiyo ana muda wa kushinda hapa.

Nilijifunika uso kwa kanga, nikapita ubavu ubavu. Naye kageuka, kaangalia ukuta. Kwetu ndivyo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Na jikoni kwa mama mkwe, mkwe haingii, hata nyumba iwake moto. Sebuleni angeingia, angemkokota mke wake na hakuna wa kumzuia. Jikoni hapana.

Ndipo nikaona. Nyangeta yuko jikoni. Basi akae humo humo.

Nimewasha moto mwingine. Mimi niko ndani na yeye yuko ndani, sufuria iko juu ya mafiga. Magoti alikaa kwenye kigogo cha kuni mpaka jua likachwea, mkanda wa feni kauzungusha kiganjani. Ndani tuliusikia ukigonga paja lake. Pa. Pa.

Ijumaa, 14 Februari

Napika ili nisiwe na sababu ya kutoka. Pilipili zangu zimekwisha, wanawake wanaleta. Mama Zuhura ndiye kawaambia. Kila mmoja anaingia na kitu mkononi na ubishi wake. Mama mmoja wa kisiwa cha Rukuba kaleta unga wa dagaa, kasema wavuvi kambini hawali nyingine. Ina nguvu kweli lakini inanuka siku ya pili. Mwingine kaleta ukwaju wa Bunda. Huo umeshinda embe, rangi tu ndiyo mbaya, kama tope. Mmoja akasema karoti. Tukamcheka. Kisha tukatia karoti, na ikakata ukali vizuri, ukali hupoa bila kupotea.

Tunazungumza kwa sauti. Hatumwachi Nyangeta peke yake. Choo kiko nyuma, akienda tunaenda naye kundi, tumemzunguka kama bibi arusi. Magoti kaona. Kapiga kelele, "Nyangeta, njaa haitakutoa humo. Choo kitakutoa."

Kisha kasema na Mama Zuhura, maana na mimi hawezi kusema: "Mama Zuhura, mwulize mama mkwe, pilipili yote hiyo mnakwenda vitani?"

Mama Zuhura kajibu, "Vita umekuja nayo wewe, baba. Sisi tunapika mboga."

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alimpiga mbwa wa Mama Zuhura teke la mbavu, mbwa akatapika damu. Amekufa jioni.

Sikupaswa kucheka.

Jumatatu, 17 Februari

Ameingia. Nyangeta yuko hospitali. Siandiki zaidi.

Jumatano, 19 Februari

Niandike. Nisipoandika itabaki kooni.

Jumatatu mchana wanawake walikwenda kuchota maji, bomba lilikuwa limetoa. Mama Zuhura alikuwa kwake anaosha chupa. Mimi nilikuwa natwanga. Nyangeta anakoroga kwa mkono mzima. Nilikuwa sina wasiwasi. Niliuamini mlango ule kama watu wanavyoamini ukuta. Nilifikiri kijana wa Butiama, aliyelelewa na wazee, ataogopa. Nilikosea. Mtu aliyeua mtoto tumboni kwa teke, mlango wa jikoni ni nini kwake?

Kivuli kikaziba mwanga. Nikamwona kaweka mguu ndani.

Na mimi nikafanya nini? Nikajifunika. Nikavuta kanga usoni na kugeukia ukuta, kama nilivyofundishwa, kama nilivyofanya miaka yote mkwe akitokea. Mikono ilifanya yenyewe. Mchi niliuacha kinuni.

Nikasikia mkanda. Si kama uani, alipokuwa anagonga paja. Ukiingia kwenye nyama una sauti nyingine. Nikasikia sufuria inaanguka, na ile pilipili inayochemka inamwagika. Nyangeta hakulia. Mkanda tena. Tena. Mimi nimesimama, natazama masizi ya ukutani kupitia kanga. Nilikuwa naona haya. Mwanangu anauawa nyuma yangu na mimi naona haya ya mkwe.

Ndipo aliposema, "Mama." Taratibu tu. Kama mtu anayeomba chumvi.

Nikafunua uso. Nikamwangalia Magoti machoni, mara ya kwanza tangu amwoe. Ana macho madogo. Alikuwa kaukanyaga ule mkono uliofungwa mbao. Mguu wa Nyangeta umeungua kuanzia goti, ngozi imebambuka kama ya nyanya. Nikachomoa mchi, mwekundu, umejaa mbegu. Nikampiga shingoni. Hakuanguka. Nikampiga usoni. Mbegu zikamwingia macho akaanza kupiga ukelele, akashika uso, nikampiga bega, likalegea. Akaanguka karibu na mafiga. Nikaendelea. Sikuwa na hasira wakati huo. Nilimtwanga kama ninavyotwanga siku zote, naupandisha mchi, naushusha. Alikuwa anasema mama, mama, mama. Naye ananiita mama.

Mama Zuhura kanikamata kiunoni kwa nyuma. Kasema, "Mama Nyangeta, acha. Acha, anakufa." Nikasema najua. Nilitaka afe.

Hakufa. Wavuvi wamembeba kwa machela ya gunia. Hospitali moja, yeye wodi ya wanaume, Nyangeta ya wanawake.

Nimejaribu Salamu Maria. Nikifika "saa ya kufa kwetu" nasimama.

Alhamisi, 27 Februari

Wazee wamekuja kutoka Butiama, na Wambura mbele yao. Magoti kaletwa na ndugu zake. Bega limefungwa, jicho la kulia limeziba, madaktari hawajui kama litaona. Polisi hakwenda. Ndugu zake walimshika asiende. Angesema nini kaunta? Kwamba kapigwa na mama mkwe, wapi, jikoni kwake?

Nilikaa chini na wanawake, uso wazi. Nyangeta kalazwa bado.

Wambura kaanza kwa ukali. "Shemeji, umevunja mkwe wa watu kama chungu. Wazee wazima wameacha mashamba kwa ajili ya pilipili yako." Vijana wakaguna kwa kicheko.

Mzee mmoja, mfupi, mwenye koti kubwa, akamnyamazisha kwa kidole. Hakuuliza habari ya sukari. Hakuuliza mkono, meno, mimba. Nilingoja aulize. Alimwuliza Magoti, "Uliingia?"

"Niliingia, mzee."

"Mama mkwe alikuwemo?"

"Alikuwemo."

Basi. Mzee mwingine katema mate chini. Ndoa imekufa, wakasema, ameiua yeye kwa mguu wake mwenyewe, na ng'ombe hazirudi. Wambura kawa mtu mwingine hapo hapo. Akaanza kumwita Magoti mshenzi.

Na mimi nimepigwa faini ya kondoo, kwa kunyanyua mkono juu ya mkwe. Wamemchinjia uani. Alikuwa mkubwa, walimkosa mshipa, kahangaika sana. Wamepaka taka za tumbo lake kwenye mlango wa jikoni, kuutakasa. Walipoondoka nimenyunyiza maji ya baraka juu yake. Sijui Mungu kasikia lipi.

Nimepata nilichotaka. Mwanangu harudi Bunda. Lakini nimeona jambo na linanichoma. Kama angempigia barabarani mpaka akafa, wazee wale wasingekuja.

Jumamosi, 1 Machi

Nilimwambia padri kitubioni nilimpiga mtu nikataka afe. Kanipa rozari na kufunga. Sikumwambia kuhusu kanga. Hiyo si ya padri, ni ya Nyangeta.

Leo wodini nimemwambia. Nilisema, nilikuwa hapo nikajifunika. Alikuwa anatazama dirisha. Akasema, "Nilikuona, mama." Nilimkanda vidole vya mkono mbovu mpaka kengele ya kuondoa wageni ikalia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Nyangeta yuko nyumbani. Mguu unakauka, unavuta ngozi, atachechemea. Mkono umeunga vibaya.

Tangu ametoka hospitali anakula anachopewa, analala anapoonyeshwa. Ukimwuliza chai au uji anasema chochote. Nimemzoea hivyo na ninaumia.

Leo nimepika kidogo, ile ya ukwaju na karoti. Alikuwa kakaa mlangoni amenyoosha mguu. Nikampa aonje kwenye kiganja.

Akaonja. Akakaa nayo mdomoni. Akasema, "Mbaya hii."

Nikamwuliza mbaya vipi.

"Chumvi nyingi. Halafu tangawizi mmesahau. Na ukwaju ungeloweka usiku, si kuchemsha." Akafuta kiganja kwenye kanga, kakunja uso.

Nimeimwaga yote nyuma ya nyumba. Nimempa kisu na tangawizi, kaishikilia kwa kiwiko cha mkono mbovu, anakata polepole, vipande vikubwa kuliko ninavyopenda. Sikumsahihisha. Nimeloweka ukwaju.

Kesho tutapika anavyotaka yeye.