Ukurasa wa Baba wa Kwanza

Kara-Bulak, Naryn
4 Machi

Mpendwa mdogo wangu Taalai,

Asalaam alaikum. Hujambo, na wifi yangu Perizat hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anabebeshwa magunia ya unga huko kwenye kiwanda cha mikate? Sisi tu wazima. Theluji imeanza kulainika juu ya paa la zizi, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na goti langu la kushoto linanisumbua kama kawaida yake. Mwanao Aiturgan amerefuka. Lile koti ulilomtumia mikono yake imeshamkimbia.

Nakuandikia barua kwa sababu simu humu ndani ni ya mwanao. Nikiigusa tu, ameshasogea kusikiliza, na haya sitaki ayasikie. Barua ataileta Sabyr, yule dereva wa basi la kuja huko kwenu Yekaterinburg, pamoja na jibini kavu na kitabu. Kitabu usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Unajua nilivyokuwa nikilalamika kwamba watoto wa darasa la pili wanaitazama ramani kama wanavyotazama ukuta. Basi mwaka huu nimeiweka kando, nafundisha kwa vitabu vya picha vya watoto. Tulianza na cha bata bukini anayevuka milima. Kila ukurasa tunaulizana hapa ni wapi, mto huu unaelekea wapi, na nani aliishi hapa zamani. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni akaniuliza, "Mwalimu Kenje, hivi jiografia siku hizi ni bata?" Nikamjibu, "Bata anaijua njia, mwalimu. Ramani inaning'inia tu." Tangu siku hiyo hachungulii.

Vitabu vilipotuishia nikawaambia watunge chao. Kila mtoto achore baba zake saba, kuanzia aliyemzaa kurudi nyuma kwa mababu, kila baba ukurasa wake, na chini ya miguu yake achore mahali pake. Baba saba wanawajua, maana kwetu asiyewajua huchekwa. Wewe mwenyewe babu alikuvuta sikio kwa kumruka wa tano.

Aiturgan alianzia mwisho. Wa saba hakuna ajuaye sura yake, akamchorea farasi tu. Akaja kwa Botobai, wa nne, yule aliyefia mlimani mwaka ambao watu wetu walikimbilia Uchina kuwakwepa askari. Ilibidi nisimulie darasa zima mkasa wote, na kengele ilipolia hakuna mtoto aliyeinuka. Kila mmoja wa baba hao Aiturgan alimchorea kaburi lake. Baba yetu Mambet amemweka pale pale kilimani, na mti wake. Botobai amemchorea mawe machache katikati ya theluji.

Halafu akanyoosha mkono. Shuleni huniita mwalimu, ushangazi tunauacha nyumbani.

"Mwalimu, kaburi la baba niliweke wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Meerim anayekaa naye akamwambia, "We Aiturgan, mbona unamzika baba'ako? Si juzi tu kakutumia viatu?"

"Najua yuko hai," akasema, wala hakukasirika. "Lakini hawa wote wana mahali. Hata Botobai kafia njiani na ana mahali. Baba pake wapi?"

Nikamwambia achore mji mnamoishi.

"Siujui. Kwenye simu kuna ukuta tu, una maua mekundu."

Taalai, mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Nilishika kitambaa nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Tangu vuli unaniuliza kama mtoto yuko tayari kuja kuishi nanyi. Nikakujibu kikohozi, nikakujibu baridi, nikakujibu mitihani. Sasa nakujibu sawasawa: yeye yuko tayari, mimi ndiye siko. Tangu mama yetu afariki, nyumba hii ina sauti moja tu isiyo yangu. Ananigombeza nikizidisha chumvi kwenye chai. Jioni anamsomea ndama kile kitabu cha bata. Akiondoka, sijui nitakula nikimtazama nani.

Hata hivyo, njoo umchukue shule zikifungwa. Usimtume Sabyr, njoo wewe, akuone ukishuka kwenye basi, kisha mfuatane njia yote akiwa dirishani, aione nchi ikipita mpaka kwenye huo ukuta wenu wa maua.

Sasa fungua kitabu, ukurasa wa kwanza. Huyo ni wewe, na kofia yako ya baridi. Amekupatia masikio hasa. Chini ya miguu yako hajachora kitu. Hapo msipaguse mpaka afike, apachore mwenyewe.

Kitabu cha baba saba hakina ukurasa wa shangazi. Nimekipekua mara mbili. Silalamiki, ndivyo kilivyo tangu enzi. Wale wa kilimani niachie mimi, majani yakiota nitawapalilia.

Msalimie sana Perizat, na binamu yetu Joldosh mkionana, mwambie mama yake bado anamwekea asali. Mungu awape njia nyeupe, ya heri, nyote watatu, wewe na mkeo na mtoto.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikawia,

Kenje