Choo Kinachotazama Benchi la Wazee

Jumatano, Septemba 2009. Kitale.

Mvua imeninyeshea kutoka stendi hadi hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kwa hivyo naandika viatu vikiwa vimelowa na hasira zikiwa bado moto. Hasira zenyewe ni zangu juu yangu mwenyewe. Niseme hilo mapema, nisije nikamlaumu mtu bure.

Mimi ni afisa wa afya wa halmashauri, upande wa Bungoma. Mwaka jana, kwenye mkutano wa kata wa kupanga miradi, kila mtu alitaka barabara iwekwe changarawe ya murram. Mimi nilitaka choo cha soko letu, huku karibu na Kamukuywa. Nilisumbua mpaka diwani akanibandika jina Madam Choo. Nikacheka, nikaendelea kusumbua, na mwisho nikapewa. Kuta za matofali, tangi la maji, milango ya bluu. Ramani niliichora kwa mkono wangu.

Tangu kifunguliwe, wanaume wanakitumia vizuri tu. Wanawake hawajaingia hata mmoja.

Wao huenda kwenye mahindi nyuma ya soko. Mwezi ujao mahindi yatakatwa na hapatakuwa na pa kujificha. Na leo kamati ya soko ilikuwa inakutana kuamua kama upande wa wanawake ugeuzwe stoo ya mbolea. Nilikuwa nimeandika hotuba kali kuhusu kipindupindu. Nilidhani wanawake wale ni wakaidi, na nilitaka niwaambie hivyo.

Kabla ya kikao nilipita kwa Mama Nekesa, muuza nyanya, kumpa pole. Wiki jana alilazwa kwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Nikamwuliza hunywa maji kiasi gani. Akacheka. Siku ya soko hatii kitu kinywani tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani, ili asije akahitaji kwenda popote. Wenzake pia hufanya hivyo hivyo.

"Na choo si kiko pale, mama?"

"Madam, hiyo milango inaangaria wapi?" akaniuliza. "Si kwa benchi ya wazee? Baba mkwe wangu anashinda hapo. Ati nipite mbele yake na mkebe ya maji, nifungue mlango akiniona? Bana, afadhali nigonjeke."

Niligeuka nikatazama. Benchi liko mbele ya mashine ya kusaga, chini ya paa, na milango yangu inalikodolea macho.

Niliielekeza huko makusudi. Nilifundishwa kwamba mlango wa choo cha wanawake uwe mahali pa wazi, asije mtu akavamiwa kwa nyuma. Na kwetu hapa Kitale, sisi sote, kuanzia guka, babu yetu, hadi mtoto mdogo, tulitumia choo kimoja nyuma ya jikoni, na hakuna aliyejali nani amemwona nani. Lakini siwezi kujificha nyuma ya hilo. Nimefanya kazi Bungoma miaka mitatu. Ninajua huku mke wa mtu hampi baba mkwe mkono. Nilijua, ila sikuwahi kufikiri jambo hilo lina maana gani kwa mlango.

Sikuwauliza. Basi.

Kikaoni, pale pale mbele ya benchi la wazee, hotuba ilibaki mkobani. Nilipoeleza kidogo kwamba tatizo ni milango, diwani akasema kama ni kweli, wanawake waje waseme wenyewe. Walikuwa pale pale kwenye vibanda vyao, wakisikia kila neno, vichwa chini. Wangeyasemaje mbele ya wazee wale wale? Nikaona kwamba katika mkutano mzima mimi ndiye mwanamke pekee asiye na mkwe pale.

Nikasimama nikasema yote. Maji wasiyokunywa, mahindi yatakayokatwa, ugonjwa, bila kumtaja mtu. Nikasema kosa ni langu, wanawake hawajakosea chochote. Niliona aibu hadi masikioni.

 Kisha mzee mmoja, ambaye najua ndiye baba mkwe wa Mama Nekesa, akakohoa. "Benchi ni kitu ya kubeba," akasema. "Si mngetuambia? Tungebeba zamani."

Watu wakacheka, nami nusura nilie. Lakini mvua ikianza watarudi chini ya paa lile, hilo kila mtu anajua. Milango lazima igeuzwe upande wa nyuma, na ukuta wa mabati uzikinge njia za kuingilia. Kamati imenipa hadi soko la wiki ijayo. Wanawake wasipoingia siku hiyo, mbolea inaingia.

Naogopa. Nyuma ya choo kuna kichaka, na hofu ya kuvamiwa nayo ni ya kweli. Mwaka jana ningekuwa nimeshachora ramani nyingine kabla ya chakula cha jioni, nikijiamini kabisa.

Leo sichori kitu. Nimeshapatana na Mama Nekesa na wenzake. Kesho si siku ya soko, kwa hivyo hapatakuwa na wateja; watatoka vibandani mwao watembee hadi nyuma ya choo, kila mmoja kwa njia anayoiona inafaa. Mimi nitawafuata na nyundo na vigingi. Mahali watakaposimama, hapo ndipo mlango utakapokuwa.