Lafudhi ya Rehana

Erdington, Birmingham
12 Novemba 2006

Mpendwa kaka Idarous,

Barua hii nakuomba usiisome peke yako. Ikusanye nyumba, uisome kwa sauti.

Kwanza Mama, mkubwa wetu sote, namwamkia shikamoo na kumbusu mikono. Kisha wewe, kaka, uliyesimama mahali pa marehemu Baba. Kisha wifi yangu Anisa. Kisha watoto wote walioketi mkekani. Goti la Mama linaendeleaje? Sisi ni wazima, ila baridi imekwisha anza kutuuma vidole.

Nina neno juu ya ule mchezo wa televisheni niliowaletea kwenye DVD, ambamo binti yangu Rehana ameigiza msichana wa Birmingham.

Kaka, ulimwambia Rehana kwa simu kuwa mwigizaji aliyecheza mama yake ndiye asemaye Kiingereza cha Birmingham barabara, na kwamba yeye anaburura maneno kama mwenye usingizi. Najua ulimtakia mema. Lakini yule mwigizaji ni mtu wa London, lafudhi ya huku alifundishwa tu kwa ajili ya mchezo. Rehana kazaliwa hapa. Kisha mtoto alipojitetea kwa Kiswahili, nyumba nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo, nikiwapigia simu Ijumaa, yeye hupanda ghorofani akafunga mlango.

Jumapili iliyopita jirani yangu Lakhbir, mzaliwa wa Aston, papa hapa Birmingham, alikuja kuutazama mchezo pamoja nasi. Kila yule mwigizaji alipofungua kinywa, Lakhbir alicheka hadi chai ikamwagika. Alisema mama huyo kavaa kiatu cha kuazima, mara kinambana, mara kinamvuka. Alipotokea Rehana, akaweka kikombe chini, akatazama mpaka mwisho.

“Huyu ni wetu,” akasema.

Nilidhani mtoto atafurahi. Aliinamisha kichwa, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza: “Na kwa Bibi, mimi ni wa nani?”

Jibu hilo si langu kulitoa. Liko katika chumba mlichoketi sasa.

Ni kweli, Kiswahili chake kina mlio wa Birmingham. Kiingereza cha Baba nacho, Mungu amrehemu, kilikuwa na mlio wa Unguja maisha yake yote, na hapakuwa na aliyethubutu kumcheka.

Nisalimieni Azizi na wanawe. Mwenyezi Mungu aifunike nyumba yetu kwa rehema zake, na Mama atuwekee.

Basi hili nimeliamua, nanyi nawaomba mlitimize. Ijumaa ya tarehe 24, baada ya sala ya Isha, Rehana atapiga simu mwenyewe. Amekubali kwa taabu. Simu aishike Mama kwanza. Mtoto asichekwe, asisahihishwe, wala asijibiwe kwa Kiingereza. Akikwama katikati ya neno, msubirini. Atafika.

Dada yenu awapendaye,
Mwanakhamis