Duara la Shanga za Unguja Ukuu

Jumatano, baada ya magharibi

Mimi nlimwambia, yeye hakuandika.

Leo tena nilikuwa Unguja Ukuu, nawaoshea wataalamu wa mambo ya kale vigae wanavyochimbua. Wamepata shanga ndogo zimejipanga duara, uzi ushaoza zamani. Mkubwa wao akasema zina miaka elfu, na duara dogo vile halimwenei mtu kiunoni. Fumbo, akasema, pengine ni mambo ya tambiko.

"Ni za kiunoni, za mtoto mchanga," nikamwambia. "Uzi ukilegea, ujue mwanao anakonda." Nikamwonesha za mwanangu Salma, amelala mkekani pembeni.

"Ahsante sana, Bi Mwanaidi," akasema, huku akiandika "tambiko" kwenye daftari lake.

Mtu kasoma mpaka Ulaya. Kesho ntamwambia tena.

Tangu Salma apone homa, kila jioni napitisha vidole chini ya uzi wake. Wiki iliyopita vilipita viwili, sikulala. Leo kimepita kimoja, tena kwa tabu.

Na yule mama wa miaka elfu, naomba iwe uzi aliuvua kwa sababu mwanawe alinenepa.